Macho Yangu na Sindano ya Serikali

Vidole vya dresa, msaidizi wa daktari, vilipofika nyuma ya shingo yangu, chini kidogo ya sikio la kushoto, vilisimama. Wanawake wote walionitangulia kwenye mstari alikuwa amewapapasa haraka haraka, kama mtu anayekagua magunia ya pamba yasije yakawa yamelowa. Kwangu alibonyeza, akaacha, akabonyeza tena. Akanichoma kidole, akaweka tone la damu yangu kwenye kipande cha kioo, akainamia hadubini yake kwa muda mrefu. Alipoinua kichwa hakunitazama mimi. Alimtazama tarishi wa mtemi aliyekaa kivulini mbele ya baraza.

"Huyu naye," alimwambia.

Tarishi akaniashiria nisogee kando, walikosimama wazee wawili na msichana mmoja aliyekuwa akilia bila sauti. Binti yangu alikuwa mgongoni amelala. Alikuwa bado ananyonya. Nilimwuliza dresa, "Nina nini?"

"Utaambiwa hospitali."

"Nitaambiwa na nani, wakati wewe ndiye uliyeona?"

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na shingo nyingi za kupapasa kabla jua halijawa kali. "Malale," alisema kwa sauti ya chini, kisha akamwita aliyefuata.

Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini mwanzoni, kwenye makazi ya malale upande wa magharibi wa Geita. Mimi si mtu wa huko. Nilizaliwa upande wa Kishapu, nchi kavu ya pamba na ng'ombe, ambako hakuna pori la kumficha mbung'o. Niliolewa na kijana wa Kisukuma ambaye baba yake alikuwa amehamia Geita zamani, akajenga kaya kubwa kando ya kijito. Mume wangu alifanya kazi mgodini, chini shimoni, akawa anarudi nyumbani mwisho wa mwezi. Mimi nilibaki na wakwe zangu, nikalima nao.

Kisha malale yakaingia. Watu walianza kwa homa na kuumwa kichwa, wakaishia kusinzia wakiwa na chakula mkononi, na waliosinzia hivyo tuliwazika. Serikali ikaamuru wote waliotawanyika porini wahamie mahali pamoja, pori lifyekwe, mbung'o wakose pa kukaa. Baba mkwe alikawia kuhama. Matarishi wakaja wakang'oa paa la nyumba yake mchana, yeye akiwa amekaa ndani anakunywa uji. Tangu hapo tuliishi kwenye mistari ya nyumba zilizopangwa, kila mwezi tukipapaswa shingo, na mtu hakuruhusiwa kwenda hata kuzika ndugu yake bila cheti. Walikufa wachache zaidi kuliko zamani. Hilo sitalikana, maana niliyaona makaburi ya kabla na ya baada.

Lori la hospitali lilikuwa limesimama tayari. Mwanangwa, yule mkuu wa kijiji aliye chini ya mtemi, alikuja kutupandisha.

"Panda, mayu," aliniambia. Mayu ni mama kwa Kisukuma, ingawa alikuwa na umri wa kunizaa. "Ni sheria."

"Sheria inasema nikafanywe nini huko?"

"Inasema upande."

"Basi sipandi. Nikishaambiwa nitakachofanywa, nitapanda mwenyewe."

Watu kwenye mstari waligeuka kunitazama. Kwa kawaida mwanamke hakusema maneno kama yale mbele ya baraza, tena mke wa kuja. Tarishi akasogea nyuma yangu, akashika ukingo wa mbeleko. "Na mtoto atabaki," alisema. "Huko si mahali pa watoto." Nilimkamata mkono. Nilihisi mifupa yake kwenye kiganja changu, naye alihisi, nadhani, kwamba sitamwachia. Binti yangu akaamka akaanza kulia.

Baba mkwe akatoka kwenye mstari wa wanaume. Nilidhani amekuja kunitetea, kwa sababu ya paa lake. Alisimama karibu nami akasema polepole, "Panda, mwanangu. Walipong'oa paa langu nami niliongea kama wewe. Lilianguka hivyo hivyo." Kisha akamgeukia tarishi. "Lakini mtoto ananyonya. Anakwenda na mama yake. Hilo halina mjadala."

Tarishi alimtazama mwanangwa. Mwanangwa alitazama chini. Mkono ukatoka kwenye mbeleko, nami nikapanda.

Hospitali ya malale ilikuwa nyumba ndefu za udongo zilizopakwa chokaa, zimezungushiwa waya, na askari mmoja langoni. Siku ya pili waliniita kwenye chumba chenye meza. Wanaume wawili walinilaza ubavu, wakanikunja mpaka magoti yakagusa kifua, mmoja akashika miguu na mwingine akanikandamiza shingo, na daktari akanichoma sindano uti wa mgongo. Maumivu yake nimeyasahau. Ule mkono shingoni sijausahau, wala sauti iliyokuwa ikisema "tulia, tulia," kama vile anavyoambiwa ng'ombe anayetiwa chapa. Wangeniambia kwamba wanatafuta kama ugonjwa umefika kichwani, na kwamba nikitikisika sindano inaweza kuniumiza vibaya, ningetulia kama jiwe. Nililijua hilo baadaye, kwa kuuliza.

Dawa ya kwanza ilinisaidia. Homa iliyonitafuna tangu wakati wa palizi iliniacha. Kichwa kikapungua kugonga. Nilianza kula, maziwa yakarudi, na mtoto akanenepa. Nilimshukuru Mungu na nilimshukuru daktari, Mzungu mmoja mrefu, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, aliyesema Kiswahili cha kukatakata lakini cha kueleweka.

Kitanda cha jirani alilala mama mmoja Mzinza kutoka Chato, muuza samaki wakavu. Yeye alikuwa ameanza sindano za dawa ya pili, ya ugonjwa uliokwisha kufika kichwani, kabla sijafika. Tulizoeana kwa ajili ya mtoto. Nikiitwa kwenye sindano nilimwachia yeye, naye alimwimbia kwa Kizinza mpaka niliporudi. Asubuhi moja nilimsalimu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nani amewasha moto humu ndani?"

Hapakuwa na moto. Jua lilikuwa limeingia mlangoni na wodi nzima ilikuwa nyeupe kwa mwanga.

"Hakuna moto, mama."

"Mbona moshi?" Alinyoosha mkono kumchukua mtoto, ukapita kando ya bega la mtoto, ukarudi, ukampata. Akampapasa uso kwa vidole, paji, pua, kidevu.

"Huo moshi umeanza lini?"

"Siku nyingi. Kwanza ulikuwa pembeni tu. Nilimwambia dresa, akasema ni ugonjwa unatoka."

"Na sindano wakaendelea?"

"Wakaendelea. Nami niseme nini? Wao ndio wanajua."

Siku ile ile nikaambiwa kwamba kesho yake ningeanza dawa ya pili.

Sikulala vizuri, na asubuhi nilipoitwa nilikwenda na mtoto mgongoni, sikukaa kwenye kiti. Dresa wa pale alikuwa mtu wa Mwambao, mwenye Kiswahili kizuri sana. Nikamwambia, "Mwulize daktari kama dawa hii inaua macho."

"Kaa kwanza, mama."

"Mwulize."

"Hayo si ya kuuliza. Wengine wanasubiri."

Basi nikamgeukia daktari mwenyewe, kwa Kiswahili changu cha misheni. "Bwana, yule mama wa Chato haoni. Ni malale yamemfanya vile, au ni sindano?"

Daktari aliacha alichokuwa akifanya. Alimtazama dresa, kisha mimi. "Dawa," alisema mwishoni. "Inaweza kuwa dawa. Si watu wote. Wachache."

"Alijua?"

"Hapana."

"Kwa nini hakuambiwa?"

"Nikiwaambia, wote mtakimbia. Mkikimbia, mtakufa. Tena mbung'o watawauma ninyi, kisha watawauma wengine." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyejisemea maneno hayo mara nyingi. "Wewe ugonjwa wako umeanza kuingia kichwani. Bila dawa hii, utalala, hutaamka. Sasa nimekuambia. Unataka kukimbia?"

Nilikuwa na ghadhabu. Lakini nilijua hanidanganyi, na kujua hivyo kulinipa mahali pa kusimama. Nilifikiri juu ya macho, nikafikiri juu ya mtoto mgongoni. Mama asiyeona anaweza kunyonyesha.

"Nichome," nilisema. "Lakini moshi ukianza, nitakuambia, nawe utaacha."

"Mimi ndiye nitakayesema lini tunaacha."

"Macho ni ya nani?"

Alichukua sindano. Nilikaa, nikanyoosha mkono. Nadhani kila mmoja wetu aliamini kwamba mwenzake amekubali.

Kuanzia hapo nilijipima kila asubuhi. Nilijifunika jicho moja, nikatazama nguzo za waya kule mbele, nikabadilisha. Nilihesabu manyoya kwenye mkia wa jogoo wa mpishi. Nilitazama kucha za binti yangu. Wiki zilikwenda, sindano zikaja na kupita, na kila jioni nililala nikijua kwamba kesho huenda ningeamkia kwenye moshi.

Ulikuja mchana, nikiwa nafua. Maji kwenye karai yalianza kumetameta pembeni, upande wa kushoto, na niliponyanyua uso mmeto ule haukubaki majini, ulikuja nami. Nikaelekeza macho kwenye waya. Nguzo za kushoto zilikuwa zimefifia kama vitu vinavyoonekana nyuma ya vumbi la ng'ombe. Niliacha nguo, nikaenda moja kwa moja kwa daktari.

"Umeanza," nilisema. "Sitaki sindano nyingine."

Alinipima macho kwa kutumia mwanga na kwa kupitisha kidole. Alipomaliza uso wake ulikuwa umekaza. "Bado kidogo tu kumaliza dawa," alisema. "Ukiacha sasa, ugonjwa unaweza kurudi. Ukirudi, utakuwa na nguvu kuliko mwanzo."

"Na nikiendelea?"

"Labda macho yatabaki hapo. Labda yatakwisha."

"Basi hujui."

"Sijui. Lakini kuchagua kati ya kipofu na maiti si kazi ngumu."

"Ni kazi yangu, Bwana."

Alimtuma mtu mgodini. Siku chache baadaye mume wangu akafika, bado ana vumbi jeupe la mawe masikioni. Daktari alimketisha, akamweleza yote, bila kuficha kitu safari hii, kisha akamwambia, "Mwambie mkeo. Wewe ndiye mume."

Mume wangu alikuja kunikuta chini ya ukingo wa paa la wodi. Alimpakata mtoto, akakaa kando yangu. Aliposema, sauti yake haikuwa yake. "Nimeamua utamalizia sindano."

"Umeamua?"

"Nimezika watu wawili wa malale kwa mikono hii. Sitaki kukuzika. Ukiwa kipofu nitakushika mkono mpaka tufe."

Nilijua anasema kweli, na hapo ndipo palipokuwa pagumu. Serikali niliweza kuichukia. Yeye sikuweza. "Uliposhuka shimoni mara ya kwanza," nilimwambia, "baba yako alikukataza. Alisema mawe yatakuangukia. Ulishuka."

"Hiyo ni kazi."

"Ni mwili wako. Uliuamulia. Mimi nililia, lakini sikukufunga kamba. Daktari ana waya na askari. Wewe una neno la mume. Niambie mimi nina nini, kama hata macho haya siyaamulii."

Mama wa Chato alikuwa amekaa karibu, akichambua mboga kwa kupapasa, na alikuwa amesikia kila kitu, na ya siku niliyomwuliza daktari nilikuwa nimemsimulia. Akasema bila kugeuza uso, "Baba, mimi ningeambiwa pia ningekubali sindano. Nina watoto. Lakini ningeomba kwanza nirudi Chato, nikaliangalie ziwa."

Mume wangu aliinamisha kichwa. Sikuwa nimewahi kumwona analia kabla ya hapo.

Tuliondoka asubuhi iliyofuata. Askari wa langoni alituzuia, akatuma mtu kwa daktari, tukasimama kwenye jua tukisubiri. Niliwaza kwamba sasa wataitwa wale wanaume wawili wa kukunja watu. Daktari alikuja mwenyewe, mikono mifukoni.

"Ninaweza kukufunga humu," alisema. "Sheria inaniruhusu."

"Najua."

"Nimwambie nini mtemi?"

"Mwambie nilikataa."

Alitazama barabara. "Kichwa kikianza kuuma, au ukianza kusinzia mchana, njoo. Usisubiri kuletwa na lori." Akamwambia askari afungue.

Makazini hatukurudi, kwa kuwa huko wangenikamata. Tulikwenda kwenye kambi ya mgodi, katika chumba kimoja cha bati alichopewa mume wangu. Watu wa kila upande walikuwa pale, Wakristo na Waislamu, Wanyamwezi, Wasumbwa, Wamanyema, na hakuna aliyemwuliza mwenzake shingo yake ikoje. Hapo ndipo yalipoanza majira magumu kuliko yote niliyopata kuishi. Hospitalini nilikuwa naogopa watu. Sasa nilijiogopa mwenyewe. Kichwa kikigonga kwa sababu ya moshi wa kuni, nilikaa chini nikisubiri kuona kama kitaacha. Nikipiga miayo, mume wangu aliacha alichokuwa akifanya. Mchana mmoja joto lilikuwa kali, nikajilaza na mtoto, usingizi ukanichukua. Niliamshwa na mikono inanitikisa kwa nguvu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha kuona kaburi.

"Nimelala tu," nilimwambia.

"Mimi nitajuaje?" alisema. "Niambie, nitajuaje?"

Hakuwa na njia ya kujua, nami pia sikuwa nayo. Uhuru wangu niliupata, na hivyo ndivyo ulivyokuwa: kukaa ndani ya chumba cha bati bila mtu wa kumlaumu. Kuna siku niliutamani waya. Ndani ya waya angalau kosa lingekuwa la mwingine.

Mvua zilipoisha nilimwambia mume wangu kwamba nataka kwenda kupimwa damu. Alishangaa. "Hawajakuita."

"Ndiyo maana nakwenda."

Askari wa langoni alinitambua, akafungua bila kuuliza. Daktari alikuwa amekonda. Alinichoma kidole mwenyewe, akainamia hadubini, akaikagua damu yangu polepole, kipande cha kwanza cha kioo, kisha cha pili. Nilitazama kisogo chake.

"Sioni kitu," alisema. Kisha akaomba kupima maji ya mgongo. Aliniambia kwa nini, aliniambia itauma wapi, na alisema naweza kukataa. Nilijikunja mwenyewe juu ya meza. Hakuna aliyenishika. Maji nayo yalikuwa safi.

"Sikudhani utarudi," alisema nilipokuwa nafunga kanga.

"Uliniambia kweli, kisha ukafungua lango. Ningeacha kurudi kwa sababu gani?"

Alitikisa kichwa, sijui kwa kukubali au kwa kuchoka. Kwa mtemi hakuwa amesema neno, maana hakuna tarishi aliyewahi kunitafuta. Nilirudi kupimwa kila nilipoona inafaa, mpaka alipohamishwa.

Mama wa Chato nilimtembelea baadaye kwake. Malale yalimtoka kabisa. Kijana wake alimjengea kibanda karibu na maji, naye alipanga samaki kwa mikono, wakubwa kwa wadogo, bila kukosea. Nilimwuliza kama ana kinyongo. Alisema kinyongo na dawa hana, kwa sababu yu hai. "Kinyongo changu ni na ule unyamavu wao," alisema, akanipa furushi la dagaa nipeleke kwa mtoto.

Jicho langu la kushoto lilibaki na vumbi pembeni. Ng'ombe akija kutoka upande ule huwa namsikia kabla ya kumwona. Nimelea watoto, nimewapeleka kuchanjwa ndui, nimemsumbua kila mchanjaji kwa maswali mpaka walio nyuma yangu wakaguna, kisha nimemkunjia mtoto mkono wa nguo mimi mwenyewe. Ninachoamini sikukipata kwenye kitabu. Serikali ilete dawa, na iseme dawa hiyo inaponya nini na inaharibu nini. Ikifika kwenye ngozi ya mtu, ipige hodi, na ikubali kwamba anaweza kuitikia au kunyamaza.

Mume wangu hakuikubali imani hii moja kwa moja. Alisema kama wote wangeondoka nilivyoondoka mimi, mbung'o wangetumaliza, na nyumba zile zilizopangwa kwa mistari, pamoja na ukali wake wote, ndizo zilizookoa wadogo zake. Nilimwambia huenda ni kweli. Alisema pia kwamba nilipona kwa sindano yao.

"Ndiyo," nilimjibu. "Na ninakuona ukisema hivyo kwa sababu niliikataa."

Hatukuwahi kulimaliza lile shauri. Tulizeeka nalo ndani ya nyumba, kila mmoja na upande wake.